Boksi Linasema Mia Nne Themanini

Nyie vijana mnaotengeneza kompyuta siku hizi, kabla hamjanitajia namba iliyoandikwa kwenye boksi, nyamazeni kwanza. Namba ya boksi imeandikwa na mtu anayeuza boksi. Mie nimekaa miaka ishirini na sita kwenye kibanda cha Tandika nikitoa mafaili kwenye diski zilizokufa, zilizozimia na zilizokuwa zinajiandaa kufa, na sijaona boksi likitimiza ahadi yake. Hata moja.

Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimalizia nje ya darasa, nikisubiri mchango wa mlinzi wa shule upatikane nyumbani. Nasema mapema ili msihangaike kutafuta cheti changu ukutani. Cheti changu ni nyumba ya Mbezi Beach, vyumba vinne, niliyoijenga kwa bisibisi. Kibanda nimekifunga kwa sababu macho hayazioni tena skrubu ndogo, lakini simu imekataa kufungwa. Kila wiki mmoja wenu ananipigia. "Braza, hii kebo ni ya giga sita, mbona inatambaa?" Inatambaa kwa sababu hujui kugawa. Umesoma miaka kumi na sita na bado kugawa hujui.

Sikilizeni, maana sitarudia. Vyombo vya zamani vina namba zinazohesabu biti na namba zinazohesabu baiti, na baiti moja ni biti nane. Mpaka hapo mnatikisa vichwa, mmefundishwa. Haya, diski ya IDE, ile ya kebo pana kama utepe wa zawadi, imeandikwa mia. Mia nini? Ukimuuliza kijana wa chuo anaigawa mbio mbio kwa nane, anapata kumi na mbili na nusu, anatabasamu. Wapi! Mia ya IDE ni mega baiti tayari. Thelathini na tatu yake ni mega baiti, sitini na sita yake ni mega baiti. Haigawiwi kwa kitu chochote. Ukiigawa unamtajia mteja muda mara nane ya unaotakiwa, anainuka, anakwenda kwa jirani, na jirani hajui kitu ila hakugawa.

SATA sasa. Ile ya kwanza imeandikwa giga moja na nusu. Hiyo ni biti, hiyo inagawiwa. Kwa nane? Wapi tena! Kwa kumi. Kila biti nane za mzigo zinasindikizwa na mbili za ulinzi, kwa hiyo njia inabeba kumi ili wewe upokee nane. Elfu moja na mia tano kwa kumi ni mia moja na hamsini. Giga tatu ni mia tatu. Na hiyo ni njia tu, bado hujaiuliza diski yenyewe kama ina miguu ya kukimbia humo.

USB ndiyo yenye vituko. Hiyo inagawiwa kwa nane, sawa, lakini ina salamu nyingi. Kila kifurushi kinachopita, huku wanaulizana habari za nyumbani, kule wanaitikia, habari za watoto, wazima, haya lete mzigo, nimepokea, ahsante, lete mwingine. Mia nne themanini kwa nane ni sitini, lakini ukitoa salamu unabaki na thelathini, na ukipata thelathini ujue umeamka vizuri. Zile diski za skazi, SCSI kwa maandishi, zilizokuwaga kwenye kompyuta za wachapaji, ukiona zimeandikwa ni pana unazidisha mara mbili, basi. Na yule aliyeniambia kidivaisi chake cha sidii kinakwenda "mara hamsini na mbili" kwa hiyo kinaipita diski, bado namcheka. Mara hamsini na mbili ya nini? Ya kilobaiti mia na hamsini. Fanya hesabu. Haifiki mega nane, na hapo ni ukingoni mwa sidii tu, katikati haifiki hata nne.

Haya yote sikuyaokota barabarani. Alinifundisha Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, aliyekuja mjini kuchonga vinyago akaishia kutengeneza redio, kisha televisheni, kisha kompyuta, kwa sababu, alisema, watalii walikuwa wanampunja na redio hazimpunji mtu. Hakuwahi kuandika kitu kwenye karatasi. Alichukua kibao cha mpingo akachonga safu mbili za namba kwa patasi. Upande wa kushoto kile boksi linachosema. Upande wa kulia kile alichokipata yeye, kwa saa ya mkononi, akihamisha faili analolijua uzito. Kumi na mbili, moja. Mia nne themanini, ishirini na nane. Akipata namba mpya aliyoiamini, anachonga. Asiyoiamini hachongi, hata ukimletea kitabu.

"Sele," alikuwa akiniambia, "kilichochongwa hakifutiki. Kwa hiyo usichonge uongo."

Na safu yake ya kulia haikuishia kwenye mega kwa sekunde. Mega kwa sekunde ni za watu wenye umeme. Sie wa Temeke tulikuwa na mgao. Mteja wa Tandika hakuulizi sekunde, na wewe mwenyewe hujiulizi sekunde, unajiuliza: umeme umekuja saa mbili, unaondoka saa nane, nitahamisha giga ngapi? Kipimo chetu kilikuwa giga kwa saa. Mega kwa sekunde zidisha kwa tatu nukta sita, basi, umemaliza. Mega kumi ni giga thelathini na sita kwa saa. Hesabu hiyo niliifanya kichwani kabla nyie hamjazaliwa, na jenereta langu lilikuwa nyuma ya kibanda linaota kutu. Jenereta dogo umeme wake unapanda na kushuka, na diski mgonjwa ukiiyumbishia umeme ndiyo umeizika. Mzee Nandonde alinikataza, na mie nikawakataza wengine.

Najua mnasubiri niseme kama niliwahi kukosea. Niliwahi, mara moja ya kuhesabika, nilipokuwa mbichi. Mpiga video mmoja wa Mabibo alikuwa na sherehe ya send-off Jumamosi jioni. Diski ina giga mia tatu, SATA ya giga tatu. Nikagawa kwa nane badala ya kumi, nikasahau kabisa kuiuliza diski yenyewe, nikamwambia robo saa. Akaja robo saa kabla ya sherehe, kama nilivyomwambia. Diski ile ilikuwa inatoa mega hamsini tu. Saa moja na dakika arobaini! Ukumbini wageni wamekaa wanaangalia ukuta mweupe, MC anatoa vichekesho mpaka vikamwisha, akaanza kuwasimulia ugonjwa wa mama yake. Bibi harusi alikuja mwenyewe kibandani, na kope zake za bandia, akasimama mlangoni. Tangu siku hiyo sikugawa tena SATA kwa nane. Nyie mnaigawa mpaka leo, tena kwa kikokotoo.

Sasa niwape ile habari ya Kimbiji, kwa sababu kijana mmoja, Denis, bado anaisimulia kwa namna yake.

Mgao huu wa mwisho, kabla sijakifunga kibanda, asubuhi ya Jumatano, saa mbili na nusu, wakaingia kibandani watu wawili. Mmoja mama mtu mzima wa miaka sabini hivi, Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Kimbiji. Wa pili kijana wa shati la kola, amekumbatia kompyuta ya zamani kama amebeba mtoto aliyezimia. Huyo ndiye Denis, injinia, ana digrii, ana duka Kinondoni lenye kiyoyozi na sakafu unayojiona uso.

"Mambo vipi, fundi," akasema.

Nikamgeukia mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Denis, huyo mtu mzima huyo. Mwamkie."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka hiyo chini, halafu kaa. Kaa mbali na meza yangu."

Bi Mwanaidi akaeleza. Marehemu mumewe, Mzee Shomari, alikuwa mpiga picha za video kule Kimbiji. Miaka kumi na tano nyuma alikaa na jirani yake, Mzee Pazi, wakapanda minyaa kwenye mpaka wa mashamba yao, na Shomari akaipiga video kazi ile. Wazee wote wawili wamekufa. Minyaa imeng'olewa. Mtoto wa Pazi, Juma, amesimika nguzo za zege ndani ya shamba la Bi Mwanaidi na ana mnunuzi anasubiri. Kesho saa tatu wanakutana baraza la kata kwa mara ya tatu, na mwenyekiti ameshasema hakuna ya nne, wakishindwa kupatana shauri linapanda juu. Kupanda juu ni miaka, na huko kote Juma atakuwa ameshauza. Ushahidi wa mama ni ile video. Video imo ndani ya kompyuta ile, diski ya IDE, giga arobaini, na jana aliipeleka dukani kwa Denis, ikaharibikia huko.

"Jana mlifanyaje?" nikamuuliza injinia.

"Nilipiga hesabu. Boksi la adapta linasema mia nne themanini. Gawa kwa nane, sitini. Giga arobaini kwa sitini, dakika kumi na moja."

"Akaniambia nikanywe soda," Bi Mwanaidi akadakia. "Nimekunywa soda. Nimekula chapati. Nimeswali adhuhuri. Nimeswali alasiri."

"Umeme ukakatika," Denis akasema kwa sauti ndogo. "Uliporudi diski ikaanza kugonga. Orodha ya mafaili haisomeki tena."

"Ulichomeka wapi?"

"Kwenye tundu la mbele."

"La kompyuta ipi?"

"Ile ya kaunta. Mpya zote zilikuwa na kazi za watu."

Hapo nikaona mwanga. Niliifahamu kompyuta yake ya kaunta, niliwahi kuiona, umri wake ni wa kupiga kura. Tundu lake la mbele ni la USB ya kwanza, linaongea kumi na mbili tu. Adapta hata ikiandikwa elfu kumi, ikikuta tundu la kumi na mbili inanywea, inaongea kumi na mbili.

"Haya gawa," nikamwambia. "Kumi na mbili kwa nane."

"Moja na nusu."

"Toa salamu."

"Salamu zipi?"

"Utazijua ukikua. Inabaki mega moja kwa sekunde. Hiyo ni giga ngapi kwa saa? Weka simu chini! Tatu nukta sita. Sasa arobaini kwa tatu nukta sita?"

Akafumba macho. "Kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Saa."

"Saa! Sio dakika, saa! Mama wa watu kakaa kwenye benchi akisubiri dakika kumi na moja na we umemwashia safari ya saa kumi na moja!"

Nikamwita fundi cherehani wa jirani aje amwone mwenye digrii asiyejua tofauti ya dakika na saa. Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni, akamwita muuza juisi. Nikarudia hesabu yote mbele yao. Muuza juisi akauliza chuo gani hicho, asije akampeleka mwanawe. Tukacheka mpaka mmoja akakaa chini. Denis kainamisha kichwa, anachuna lebo ya adapta kwa kucha. Nikamwuliza kama kuna somo la soda huko chuoni, nikamwuliza kama kiyoyozi cha dukani kwake kinapulizia mpaka ubongoni. Nilikuwa naendelea, nilikuwa na mengi.

"Nyie wanaume," Bi Mwanaidi akasema, wala hakupaza sauti, "mkimaliza kutambiana mniambie. Kesho saa tatu nasimama barazani."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kamili. Umeme wetu siku ile ulikuwa mpaka saa nane.

Nikatoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya zamani niliyoitunza kwa kazi kama hizi, moja kwa moja kwenye kebo ya IDE, hakuna adapta, hakuna salamu. Orodha ikifutika hakuna kuchagua faili. Ni kama ghala lililopoteza daftari: magunia yamo ila hujui lipi ni lipi, kwa hiyo unahamisha ghala zima kwanza, unatafuta baadaye. Na diski iliyoanza kugonga haizimwi katikati. Ukiizima inaweza isizunguke tena. Betri ya akiba nilikuwa nayo, ya dakika nne, ya kufungia kazi kistaarabu tu.

"Weka kebo ya nyaya themanini, mzee," Denis akasema. "Itakupa mia."

"Mgonjwa unamkimbiza wewe?" Nikaweka ile ya nyaya arobaini, ya thelathini na tatu, nikaishusha na kasi. Halafu nikafanya kile ambacho hakuna chuo kinafundisha: sikusoma namba yoyote, nilishika saa. Dakika moja, mega mia mbili na arobaini. Mega nne kwa sekunde. Giga kumi na nne na kidogo kwa saa. "Mama, saa sita kasorobo tumemaliza."

"Sinywi soda," akasema.

Saa moja na nusu ilikwenda kama nilivyosema. Giga ishirini na mbili zikaingia. Halafu diski ikagonga, taa ikaganda, na namba ikaanza kudondoka. Nikashika saa tena: mega sita. Mega sita kwa dakika nzima.

"Hiyo ni sufuri nukta moja kwa sekunde," Denis akasema nyuma yangu. "Giga kumi na nane zilizobaki ni saa hamsini."

Alipatia. Sikumsifu, mtu hasifiwi kwa kujua kuzidisha, lakini alipatia. Robo saa tukaiangalia ikigonga. Kisha akasema, "Tuiruke. Tuache hapo palipooza, twende mwisho wa diski, tusome kurudi nyuma mpaka tukutane na pabovu. Pabovu tupamalizie na muda utakaobaki."

Wazo hilo lilikuwa njiani linakuja kwangu. Yeye aliwahi kulisema tu. Nikalifanya. Saa tano kasorobo tukaanza kutoka mwisho, kinyumenyume, mega mbili na nusu kwa sekunde, giga tisa kwa saa. Saa saba kasoro dakika ishirini tulikuwa tumebakiwa na shimo moja katikati, la giga moja hivi, palepale pabovu. Tukaliingia kwa kasi ileile ya konokono, mega sita kwa dakika. Bi Mwanaidi aliswali kwenye kona ya kibanda, juu ya kipande cha kanga, diski inagonga nyuma yake.

Waliosema saa nane wakakata saa nane kasorobo. Betri ikalia, nikafunga kazi, diski ikasimama. Tulikuwa tumelitoa shimo lile mega mia tatu na tisini. Baadaye tuliijaribu tena diski ile, haikuzunguka, na mpaka leo haijazunguka.

Tukatafuta kwenye nakala kwa kompyuta ya mkononi, Denis anatafuta, mie namsahihisha. Video ilikuwemo, ya dakika kumi na tisa. Mwanzo wake mzima. Mwisho wake mzima. Katikati, dakika tatu hazipo. Nikazipima. Zilikuwa mega mia moja na hamsini, na kwenye shimo zilikuwa ndizo zinazofuata kwenye foleni pale umeme ulipokatika.

Mega sita kwa dakika, kwa nusu saa, ni mega mia moja na themanini. Nusu saa hiyo nilikuwa nayo, saa mbili na nusu mpaka saa tatu, wakati namwita fundi cherehani. Hesabu hiyo niliifanya kichwani, ikatoka sahihi, na sikumwambia mtu. Ndiyo kwanza naiandika.

Alhamisi saa tatu tukawa Kimbiji, ofisi ya kata, mwenyekiti wa baraza na wajumbe wake kwenye meza, Juma Pazi upande wa pili, mtu wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu, karatasi zake kwenye bahasha. Kompyuta ikawekwa mbele. Video ikaanza. Mzee Pazi akaonekana amevua shati, jembe mkononi, anachimba; sauti ya Mzee Shomari nyuma ya kamera inamtania kwamba anachimba kama anazika paka. Wakaanzia kwenye mkorosho, mche baada ya mche. Watu wakasogea. Kisha picha ikapasuka vipande vya rangi, ikaganda, ikaruka. Minyaa ilishapandwa mbali kule chini, ile sehemu ya katikati haikuonekana.

"Imekatwa hiyo!" Juma akasimama. "Mwenyekiti, hii wameikata! Kipande chenyewe ndicho wamekitoa!"

Mwenyekiti akasimamisha. Akamtazama Bi Mwanaidi, Bi Mwanaidi akanitazama mie.

Aliyesimama ni Denis. "Mheshimiwa, hakuna aliyekata. Diski iliharibika dukani kwangu. Nilisoma namba ya boksi, sikupima, nikamwambia bibi dakika kumi na moja, kumbe ni saa kumi na moja. Umeme ukakata katikati. Kosa ni langu, na niko tayari kuliandika na kutia sahihi."

Kijana mwenye duka lenye kiyoyozi, anasema hivyo mbele ya kata nzima, watu wanamcheka. Mwenyekiti akaandika. Akaniuliza mie, "Na wewe fundi, una la kuongeza?"

Nikasema sina.

"Endeleeni."

Video ikaendelea. Mche wa mwisho. Mzee Pazi ameegemea jembe, jasho linamtiririka, nyuma yake kisima. Kisima kile kipo mpaka leo, kila mtu mle ofisini ameshachota maji pale, na kila mtu alijua kwamba nguzo za Juma zimekipita kwa hatua arobaini, kuingia kwa Bi Mwanaidi. Mzee Pazi akaitazama kamera akacheka, meno mawili hayapo.

"Shomari," akasema, "nipige vizuri, na kisima kitokee. Maana nakujua wewe. Nikifa tu, utausogeza mpaka."

Sauti nyuma ya kamera ikacheka nayo. Picha ikaisha.

Juma alikuwa bado amesimama, bahasha imemning'inia mkononi.

"Rudisha," akasema.

Denis akarudisha. Mzee Pazi akacheka tena, akamsema Shomari tena. Juma akaomba mara ya tatu. Safari hii alisogea mpaka kwenye meza, akainama, sikio karibu na spika.

"Sauti ya baba sina," akasema, hatujui anamwambia nani. "Picha ninayo moja, ya kitambulisho. Fundi, nitilie hiyo kwenye simu. Kipande hicho tu cha mwisho."

Nikashika waya. Lakini mali si yangu, nikamgeukia mwenyewe. Bi Mwanaidi alikuwa anajifunga ushungi wake upya, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na siku nzima.

"Mpe," akasema. "Ila kwanza ang'oe nguzo. Na nizione kwa macho yangu zimelala."

Juma Pazi akaiweka bahasha mezani, akakunja mikono ya shati, akauliza mle ofisini nani ana sururu.